Nani Atalipia Mfereji? Fedha za Kukarabati Maktaba Kongwe za Umma

Mjadala kuhusu maktaba za umma zinazochakaa nchini Kenya huanza na kuishia kwa swali moja: pesa za ukarabati zitoke wapi? Swali hilo si baya, ila limekaa upogo. Pesa za ukarabati, zikisakwa kwa bidii, hupatikana. Wapo wafadhili wa utamaduni, zipo balozi, zipo kampuni zenye bajeti ya hisani, na gavana yeyote anayekaribia uchaguzi hupenda kukata utepe mbele ya jengo lililopakwa rangi mpya. Isiyopatikana ni pesa ndogo ya kila mwaka: ya kuzibua mifereji ya paa kabla ya masika, ya kubadilisha kigae kimoja kilichopasuka, ya kumlipa fundi wa umeme akague nyaya. Maktaba nyingi kongwe hazikuangushwa na umri. Ziliangushwa na kukosa fungu hilo.

Methali ya ufa na ukuta imo midomoni mwa kila ofisa wa serikali. Lakini fungua kitabu cha makadirio ya kaunti yoyote, utafute ufa umetengewa shilingi ngapi. Hutaupata. Utaupata ukuta, baada ya miaka ishirini, ukiwa umeandikwa kama mradi mkubwa wa maendeleo.

Ndiyo maana nashikilia msimamo ambao wafadhili wengi hawaupendi: asitoe mtu shilingi ya ukarabati kabla ya shilingi ya matunzo kufungwa kisheria.

Tuanze na Maktaba ya McMillan, jengo la nguzo ndefu na simba wawili wa mawe penye ngazi, katikati ya Nairobi, jirani na Msikiti wa Jamia. Lilifunguliwa 1931 kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani, kwa jitihada za mjane wake, Lucie. Kwa miaka mingi lilikuwa la Wazungu peke yao. Mwafrika alianza kukaa kwenye viti vyake uhuru ukiwa unabisha hodi, na halmashauri ya jiji ikalichukua 1962. Mwaka 1938 maktaba hii ilitungiwa sheria yake yenyewe, heshima ambayo majengo machache sana nchini yamewahi kupata. Pamoja na heshima hiyo lilichakaa, likavuja, likakusanya vumbi, na hazina yake ya magazeti ya zamani ikakaa katika hali ambayo mtunza nyaraka yeyote angeshika kichwa. Sheria peke yake haizibui bomba.

Leo wajibu uko wapi? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka maktaba katika orodha ya kazi za kaunti, kwenye kipengele kimoja na makavazi, viwanja vya michezo, leseni za pombe na majumba ya sinema. Huduma ya Taifa ya Maktaba, KNLS, iliyoundwa kwa sheria ya 1965, ilikuwa na matawi kote nchini, na kuyahamishia kaunti kumezua mvutano wa miaka kuhusu nani alipe mishahara na nani anamiliki majengo. Wakati wakubwa wanavutana juu ya mishahara, paa halina mwenyewe. Jengo ambalo hati yake haijulikani iko kwa nani halipati bajeti kwa sababu rahisi: mhasibu hawezi kuandika matengenezo ya mali isiyo kwenye rejista yake. Kazi ya kwanza, kabla ya kumwita msanifu majengo, ni kupata hati ya ardhi, ramani ya mipaka na uthibitisho kwamba jengo limeingizwa kwenye rejista ya mali ya kaunti. Kazi hii haina picha nzuri ya kuweka mtandaoni, lakini ombi la ufadhili lisilo na hati hukataliwa ukurasa wa kwanza.

Wengi hukimbilia kwa mbunge wao waombe pesa za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneobunge. Mfuko huo unaruhusiwa kugharamia kazi za serikali ya kitaifa tu, na maktaba ya umma ya mtaani si mojawapo. Mbunge anaweza kujenga chumba cha kusomea ndani ya shule, sawa, lakini akiweka bati kwenye maktaba ya kaunti anamkaribisha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Pesa halali ziko kwenye bajeti ya kaunti, na bajeti hiyo ina kalenda isiyomsubiri mtu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, miezi kumi kabla. Waraka wa sera ya fedha, ambao ndio unaogawa viwango kwa kila idara, hufika Februari 28. Makadirio yenyewe hufika Aprili 30. Watetezi wengi wa maktaba hujitokeza mwezi Mei, kwenye vikao vya umma, wakiwa na mabango. Wamechelewa. Kufikia Mei viwango vya idara vimeshafungwa, na kinachobaki ni kunyang'anya fungu moja ulipe jingine ndani ya idara ileile. Mwenye akili huenda Agosti akiwa na karatasi moja: jina la jengo, ukubwa wa paa kwa mita za mraba, urefu wa mifereji, idadi ya mabomba, hali ya nyaya na makisio ya gharama yaliyotiwa saini na mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa. Ofisa wa mipango anajua la kufanya na idadi. Malalamiko hana pa kuyaandika.

Kuna mtego mwingine katika kalenda hii. Fungu lisilotumika kufikia Juni 30 hufa. Linarudi kwenye mfuko mkuu wa mapato ya kaunti na kuanza safari upya. Nazo pesa za maendeleo kutoka hazina huwa na desturi ya kuchelewa hadi robo ya mwisho ya mwaka. Ukarabati wa jengo la zamani huchukua miezi 12 hadi 18. Ukipanga kila kitu kama mradi wa mwaka mmoja, pesa zitafika Mei, mkandarasi atakimbizwa amalize kufikia Juni, na kazi ya kwanza kurukwa ni ile isiyoonekana: kukausha kuta kabla ya kupiga plasta. Au mkandarasi atamaliza na asilipwe. Nairobi imekuwa kinara wa kaunti zenye bili za wakandarasi ambazo hazijalipwa, kama ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinavyoonyesha kila mara, na wakandarasi wanajua. Anayekubali kufanya kazi huku akijua atangoja malipo miaka mitatu huwa ameshaongeza bei ya kungoja ndani ya zabuni. Ugawe mradi kwa awamu zinazojitegemea, kila awamu iweze kukamilika na kukabidhiwa ndani ya mwaka mmoja: paa na maji mwaka wa kwanza, umeme na miundo wa pili, rafu na samani wa tatu. Mpangilio huo usigeuzwe. Nimeona miradi inayoanza na samani kwa sababu mfadhili anapenda picha za watoto kwenye viti vya rangi, kisha mvua ya Aprili inaingia juu ya viti hivyo.

Tathmini ya hali ya jengo ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote, nayo ndiyo inayoamua kama mradi utafilisika. Isiwe matembezi ya asubuhi moja na kamera ya simu. Msanifu, mhandisi wa miundo, fundi umeme aliye na leseni na mkadiriaji majenzi wapande darini, wafungue dari, wachimbe mashimo madogo kwenye plasta, watoboe mbao za paa kwa bisibisi kuona kama mchwa wamekula ndani, na wafike tena siku ya mvua. Siku ya mvua haina mbadala. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 600 za mraba, likipigwa na mvua ya milimita 50 mchana mmoja wa Aprili, linakusanya lita 30,000. Kama jengo lina mabomba manne ya kuteremsha maji na moja limezibwa na majani na viota vya ndege, lita 7,500 zinatafuta njia nyingine. Katika majengo ya zamani yenye ukuta mfupi uliozunguka paa, na mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta huo, njia nyingine ni ndani: juu ya dari, chini ya ukuta, mpaka kwenye rafu. Unapoona doa la kahawia kwenye dari ya chumba cha kusomea, mara nyingi kilichoharibika si paa. Ni mfereji ambao hakuna aliyeupandia ngazi tangu mwaka juzi. Ukibadilisha paa lote bila kupanua mfereji na kuweka wavu wa kuzuia majani, umenunua doa jipya kwa bei ghali.

Kuta nazo zina siri yake. Mawe ya Nairobi ni mawe ya volkano yenye vinyweleo. Hunywa maji na kuyatoa polepole. Ukuta uliojengwa kwa mawe hayo na udongo wa chokaa unapumua. Fundi wa leo, akiona plasta inamenyeka, huibandua na kupiga saruji ngumu, kisha rangi ya mafuta inayong'aa. Kwa miezi sita ukuta unapendeza. Baadaye unyevu uliofungiwa ndani hutafuta pa kutokea, chumvi huchanua juu kama unga mweupe, na plasta mpya hudondoka ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe. Kule Pwani hali ni hiyohiyo kwa kuta za matumbawe. Maktaba ya Seif bin Salim, Mombasa, iliyoanza 1903, ni ya mji ambao mafundi wake walijua kuchoma chokaa na kuilowesha majini kwa majuma kabla ya kuitumia. Leo ujuzi huo unabidi uandikwe kwenye zabuni neno kwa neno, la sivyo utaletewa mfuko wa saruji. Andika uwiano wa chokaa na mchanga, andika muda wa kukauka kati ya tabaka na tabaka, andika aina ya rangi inayopitisha unyevu. Kazi ya chokaa ni ya polepole na inahitaji fundi aliyeizoea, kwa hiyo bei ya vibarua hupanda. Mkadiriaji asiyejua hilo atakupa makisio ya uongo bila kukusudia.

Majengo ya zege ya miaka ya 1960, ambayo Afrika Mashariki ilijenga kwa fahari baada ya uhuru, yana ugonjwa tofauti. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967, ni ya kizazi hicho. Katika hewa ya bahari, chumvi hupenya zege pole pole hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Jengo lolote la rika hilo lililo karibu na bahari lipigwe nyundo ndogo, dari hadi nguzo, sauti ikiwa na uwazi papigwe alama. Kuziba nyufa kwa saruji juu juu bila kusafisha nondo ni kupoteza pesa.

Halafu kuna uzito, jambo ambalo hata wahandisi husahau wanapoambiwa jengo ni la kusomea tu. Mita moja ya vitabu rafuni ina uzito wa kilo 30 hivi. Rafu ya chuma ya pande mbili yenye upana wa sentimita 90 na ngazi sita kila upande inabeba karibu mita 11 za vitabu: zaidi ya kilo 320, bila chuma chenyewe. Ukizipanga kwa safu zenye njia ya sentimita 90 katikati, sakafu inabeba takribani kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya ofisi ya kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 250. Viwango vya vyumba vya kuhifadhi vitabu vinadai zaidi ya 700, kwa sababu rafu huongezwa, njia hubanwa, na siku moja mtu huleta rafu za kusukuma zisizo na njia kabisa. Kwa hiyo pendekezo la kugeuza ghorofa ya juu ya jengo la zamani la ofisi kuwa maktaba, ambalo hutolewa kila mara kama njia ya kuokoa pesa, lijibiwe na mhandisi kwanza. Mara nyingi jibu ni kushusha vitabu ghorofa ya chini na kupeleka viti na kompyuta juu. Uamuzi huo haugharimu chochote ukifanywa kwenye karatasi. Ukifanywa baada ya nyufa kutokea, unagharimu nguzo mpya.

Umeme nitaupitia haraka. Nyaya zenye ngozi ya mpira za kabla ya miaka ya 1960 hukauka na kupasuka ukizigusa. Zisiunganishwe na nyaya mpya, zing'olewe zote. Maktaba ya leo ina vijana wanaokuja kuchaji simu na kompyuta kuliko kuazima vitabu, na kila soketi isiyowekwa na fundi itawekwa na ekstensheni ya duka la jirani. Kama paa ni la asbesto, kulibomoa ni kazi ya mkandarasi mwenye idhini ya mamlaka ya mazingira: vibao hulowekwa, hushushwa vizima, hufungwa kwenye plastiki na kupelekwa mahali palipotengwa. Gharama hiyo huachwa nje ya makisio mengi ninayoyasoma. Njia ya kiti cha magurudumu nayo huachwa kwa kudhaniwa kuwa ni zege kidogo la pembeni. Kwa mteremko wa 1 kwa 12, ngazi sita za sentimita 15 zinahitaji njia ya karibu mita 11, pamoja na vituo tambarare mwanzo na mwisho. Mbele ya jengo la kihistoria nafasi hiyo mara nyingi haipo, na suluhisho huwa mlango wa kando au lifti fupi ya jukwaani, ambayo nayo inahitaji mkataba wa huduma kila mwaka.

Kwa nini nasisitiza tathmini kiasi hiki? Kwa sababu ya sheria ya ununuzi ya 2015. Kifungu cha 139 kinaruhusu kiasi cha kazi za ujenzi kuongezeka kwa asilimia 20 tu, na jumla ya mabadiliko yote isipandishe bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Kwa jengo jipya nafasi hiyo inatosha. Kwa jengo la miaka 90 lililokadiriwa kwa macho, dari ikifunguliwa na mbao zikakutwa ni unga wa mchwa, asilimia 25 zinaisha mwezi wa pili. Hapo sheria inakulazimu usimame, utangaze zabuni upya, na jengo likae wazi huku mvua inakuja. Nilivyoona, sehemu kubwa ya miradi inayoitwa iliyokwama kwa ufisadi ilianza kukwama hapa, kwa uvivu wa kupanda darini. Ufisadi huja baadaye kukalia nafasi iliyoachwa. Weka akiba ya dharura ya asilimia 15 hadi 20 ya gharama ndani ya bajeti tangu mwanzo. Asilimia 5 ni ya majengo mapya.

Weka pia gharama ambazo wafadhili hawapendi kuziona. Ada za wataalamu, kwa kazi ya jengo kongwe, hufika asilimia 10 hadi 15 ya ujenzi. Vitabu lazima vihame, na kuhamisha si kuita lori. Mita moja ya rafu ni makasha matatu. Maktaba yenye mita 1,000 za vitabu inahitaji makasha 3,000 yenye namba, ghala kavu lenye rafu za mbao ili yasiguse sakafu, mlinzi, na kodi ya mwaka mzima. Ghala likiwa na unyevu wa hewa unaozidi asilimia 65, kuvu huota. Vitabu vikilowa, una siku mbili, tatu kwa shida, kabla kuvu haijashika. Nimesoma mapendekezo ya mamilioni ambamo uhamishaji umetengewa mstari mmoja wenye neno "usafiri".

Turudi kwenye fungu la kila mwaka. Andrew Carnegie, katika miongo ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, aligharamia maktaba zaidi ya 2,500 duniani, nyingi Marekani. Watu humsifu kwa ukarimu. Kilichozifanya maktaba hizo zidumu ni sharti. Mji ulioomba ulitakiwa kutoa kiwanja, na baraza lake lipitishe azimio la kutenga kutoka kwenye kodi, kila mwaka, kiasi kisichopungua asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya uendeshaji na matunzo. Jengo la dola 10,000 lilidai ahadi ya dola 1,000 kila mwaka. Ipo miji iliyokataa, na haikujengewa.

California inatufundisha upande wa pili. Mwaka 2000 wapiga kura waliidhinisha hati fungani za dola milioni 350 kwa majengo ya maktaba, jimbo likitoa asilimia 65 na serikali za mitaa 35. Maombi yakazidi pesa kwa mbali. Mwaka 2006 pendekezo la dola milioni 600 likakataliwa kwenye kura. Miaka 15 ikapita, paa na mitambo ikazidi kuzeeka, hadi 2021 jimbo likatenga dola milioni 439, safari hii kipaumbele kikiwa usalama wa maisha na matengenezo ya lazima yaliyoahirishwa. Jimbo tajiri kiasi hicho lilifikaje kwenye kulipia paa za dharura? Kwa sababu pesa ilikuja kwa mawimbi, na katikati ya mawimbi matunzo yaliachiwa miji ambayo mingine haikuwa nayo.

Kiwango kinachofaa kinajulikana. Baraza la Utafiti la Marekani lilipendekeza mwaka 1990 kwamba majengo ya umma yatengewe kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya thamani ya kuyajenga upya. Tupige hesabu ya tawi dogo la mtaani la mita 400 za mraba. Tuseme kulijenga upya ni shilingi 60,000 kwa mita: jumla milioni 24. Asilimia 2 ni 480,000 kwa mwaka, shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa pesa hiyo unamlipa mtu asafishe mifereji Machi na Oktoba, unakagua umeme mara moja, unapulizia mchwa, unapaka rangi upande mmoja wa jengo kila mwaka ili baada ya miaka minne uwe umezunguka pande zote, na unabaki na akiba ya bomba litakalopasuka. Kaunti inayosema haina 40,000 kwa mwezi isipewe milioni 24.

Swali ni namna ya kuifunga. Bajeti ya matumizi ya kawaida hukatwa Januari, kila idara inapoambiwa irudishe kidogo, na matunzo ndiyo hukatwa kwanza kwa kuwa hayana chama cha wafanyakazi. Mapato ya maktaba yenyewe, kama kukodisha ukumbi, hayawezi kutumika hapo hapo, kwani Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka yaingie kwenye mfuko wa mapato ya kaunti. Msimamizi wa maktaba anayekusanya 5,000 za ukumbi na kununua bomba anavunja sheria hata kama bomba ni halali. Njia ipo katika kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012: waziri wa fedha wa kaunti, kwa idhini ya kamati kuu na bunge la kaunti, anaweza kuunda mfuko maalumu. Mfuko wa matunzo ya maktaba ukiundwa hivyo, unapokea mgao wa kaunti, ada za ukumbi na michango. Salio lake halifi Juni 30, na hesabu zake hukaguliwa peke yake. Nakubali kwamba mifuko ya namna hii imewahi kugeuzwa kuwa mashimo. Kanuni za mfuko ziseme wazi kuwa haulipi posho za vikao wala samani, na orodha ya kazi zilizofanywa ibandikwe mlangoni mwa maktaba kila robo mwaka.

Hapa Nairobi, asasi ya Book Bunk, iliyoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, iliingia makubaliano na kaunti kuhusu McMillan na matawi yake mawili ya Kaloleni na Makadara. Walianza na matawi, na nadhani walikuwa sahihi. Tawi dogo linakamilika, linafunguliwa, linaonyesha mfadhili kwamba kazi inawezekana, na makosa yake yana bei ndogo. Lakini mtindo wa asasi kukarabati jengo la kaunti una kiungo dhaifu kinachohitaji kuandikwa: makubaliano yana mwisho, magavana wana mwisho, jengo halina. Ndani ya mkataba kuwe na ratiba ya matunzo ya miaka kumi iliyoambatishwa, yenye kazi, mwezi na gharama, na kaunti iweke mgao wa mwaka wa kwanza kwenye mfuko kabla ya mfadhili kuachilia awamu ya pili ya pesa. Carnegie alikuwa na azimio la baraza; sisi tuna bunge la kaunti, na wawakilishi wadi hupiga kura kwa majina wakitakiwa.

Upande wa mkandarasi, tumia ulichopewa na mkataba. Sehemu ya malipo huzuiliwa hadi kipindi cha kasoro kiishe, na kwa kawaida kipindi hicho ni miezi sita. Jengo likikabidhiwa Juni, miezi sita inaisha Desemba: mvua za vuli zimepita, za masika hazijafika, na mkandarasi anachukua pesa yake yote paa likiwa halijajaribiwa na mvua kubwa. Dai miezi 12 kwenye hati za zabuni, maana baada ya kusaini hakuna atakayekubali. Mwezi wa 11 tangu jengo likabidhiwe, masika yakiwa yamekwisha, panda darini na orodha ileile ya tathmini ya mwanzo, fungua dari palipokuwa na doa, pima unyevu wa ukuta kwa kifaa, mwaga maji kwenye kila mfereji kwa mpira na uhesabu kama yametoka kwenye kila bomba. Cheti cha mwisho kisisainiwe na mtu ambaye hakupanda ngazi.